Tunaogeuzwa Mwaka Huu Ni Wawili

Betafo,
Alhamisi, 21 Agosti 2025.

Mpendwa Mama Mdogo Hasina,

Pokea salamu zangu zikiwa na joto, maana huku baridi imezidi, asubuhi hata maji ya ndoo yanauma vidole. Kitovu cha Mihaja kimeshaanguka? Maziwa yanatoka vizuri? Baba Mdogo bado anakohoa? Sisi tu wazima. Bibi magoti yanamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Nakuandikia kwa sababu simu ya kwetu ikipigwa husikilizwa na watu sita, na wote hujibu. Ninalotaka kukuambia siwezi kulisema kwa mdomo. Unanijua.

Hospitali wameleta barua. Ile homa ya matumbo iliyonitoboa utumbo mwaka jana imekwisha, na sasa naweza kupasuliwa mara ya pili: utumbo walioutoa nje ubavuni urudishwe ndani, uungwe, kitundu kifungwe, nisivae tena mfuko wa choo. Mama alipomweleza Bibi kwamba utumbo wangu utageuzwa uwe kama zamani, Bibi aliacha kupeta mchele. "Wanaogeuzwa ni wafu! Huyu mnamgeuza nini na bado anakwangua ukoko sufuriani?" Nilicheka mpaka mfuko ukajaa hewa.

Nesi Bakoly ameniambia niutayarishe moyo kama nitakavyolitayarisha tumbo. Nijizoeze kukiaga kitundu, anasema. Najaribu. Kile kidomo chekundu ubavuni kimeniaibisha sana. Siku ya mtihani wa hesabu kililia darasa zima likiwa kimya, na Toky akauliza, "Nani kaleta chura?" Tangu hapo sivui shuka langu, hata jua likiwaka. Lakini ndicho kilichoniweka hai miezi kumi na tatu. Naogopa nisiamke. Naogopa pia kuamka, halafu ile njia ya zamani iwe imesahau kazi yake, nijichafue kama Mihaja, nami nina miaka kumi na sita. Nesi anasema nikishajamba tu, hata kidogo, watajua utumbo umeshika. Bibi ameapa kuchinja jogoo siku hiyo.

Ila si hofu iliyonishikisha kalamu. Ni wivu, Mama Mdogo. Namwonea wivu Babu.

Usicheke. Tangu mnajimu alipotoa siku ya kumgeuza, kumtoa kaburini na kumfunga sanda mpya, tarehe 4 Septemba, nyumba hii ina mtu mmoja tu, na mtu huyo alikufa miaka saba iliyopita. Mjomba Ndriana aliipapasa hariri ya sanda akairudisha dukani. "Baba hapendi kitambaa cha kukwaruza!" Mimi gundi ya mfuko imenichubua ngozi tangu Pasaka, nani ameuliza? Wamekodi wapiga filimbi na tarumbeta kwa siku mbili. Wamebishana jioni nzima kuhusu wimbo anaoupenda. Anaoupenda, sio aliokuwa akiupenda! Nilipopita na beseni langu nikaambiwa, "Sarindra, pisha huko, usije ukailowesha sanda."

Kisha kuna Mama. Yeye ndiye binti mkubwa, kwa hiyo Babu akishafungwa sanda atalazwa mapajani mwake, ampakate, amwambie habari za nyumbani. Mimi sikumbuki lini nilipakatwa mara ya mwisho.

Sasa sikiliza nilichofanya. Barua ya hospitali ilikuja kwa Kifaransa, na msomaji wa Kifaransa humu ndani ni mimi. Ilikuwa na tarehe mbili, tuchague moja na kujibu kabla mwezi huu haujaisha: tarehe 4 au tarehe 11. Niliisoma ya kwanza tu. Mama akaweka kidole kwenye ile ya pili. "Na hii?" Nikamwambia, "Hiyo ni ya kutoa nyuzi."

Nilitaka kuona atamchagua nani. Basi.

Mama alichambua mchele kiganja kimoja. Kisha akamwambia Mjomba, "Baba mpakateni ninyi. Mimi nina wangu wa kupakata."

"Dada, wewe ndiye mkubwa! Nani atamfunga upande wa kichwa?"

"Wewe. Si una mikono?"

Nilidhani nitashiba kwa maneno hayo, na kweli nilishiba siku nzima. Nilitembea uani kama bibi harusi. Lakini jana nilimkuta Mama akimkabidhi Mjomba ile tumbaku aliyomnunulia Babu, amwekee ndani ya sanda. "Mwambie nimemsalimu," akasema. "Mwambie mtoto alikuwa mgonjwa." Alikunja karatasi ya tumbaku, akaikunjua, akaikunja tena. Mama Mdogo, wewe unanyonyesha, huwezi kuja. Na yeye akikosa, Babu atatoka nje aangaze huku na huku asione binti hata mmoja. Na mimi ndiye niliyempokonya.

Nilikuwa nikuombe umwambie wewe. Lakini barua itachukua wiki mbili kufika kwako, na mwezi utakuwa umekwisha. Unajua kwamba kila ninapokuandikia, Mama huisoma kwanza, halafu huongeza salamu zake chini kabla ya kuipeleka posta. Safari hii pia siibandiki bahasha. Nitaiacha juu ya meza, niende kuchota maji, na nitachelewa kurudi.

Nisalimie Baba Mdogo. Mbusu Mihaja kwenye nyayo. Bibi anakusalimu, na Mjomba pia. Babu na wote waliotutangulia wakunyunyizie baraka, wewe na nyumba yako.

Mimi mwanao akupendaye, hata nikiwa na wivu,
Sarindra

Hapa chini nimemwachia Mama nafasi.

Hasina, nimesoma. Hospitali nimeshawapigia, ni tarehe 11. Baba nitampakata tarehe 4 kwa niaba yetu wawili, na huyu nitampakata wiki inayofuata. Mapaja ninayo. Nilitaka kumvuta masikio leo leo aliporudi na ndoo, lakini Mama yetu kakataa, anasema tusubiri kwanza ajambe. Norosoa.