Nafasi Chini ya Meza

Buswelu, Mwanza
Jumapili mchana

Kwako Dada Atieno,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nimelitaja kabla hata ya kukuuliza hali ili nisipate pa kulikwepa. Za huko Musoma, na kazi mpya inakwendaje? Sisi ni wazima, isipokuwa mwanao Zadok, na habari zake unazo: mguu una plasta, usingizi anapata, na anadai soda kama mgeni rasmi. Ila simu imekupa habari nusu. Mimi kwenye simu unanijua, naitikia tu ndiyo, ndiyo, mpaka inakatika.

Mwezi uliopita Mwalimu Masele alitufundisha matetemeko ya ardhi kwa Kiingereza, nami nikayarudia nyumbani kwa Kiswahili. Niliwaonyesha utando wa uji uliopoa: ukiusukuma kwa kijiko unajikunja, unagoma, halafu unapasuka ghafla. Gamba la dunia nalo limegawanyika vipande, na huku kwetu Bonde la Ufa linaivuta Afrika pande mbili taratibu. Miamba ikikwama, nguvu inajilimbikiza miaka na miaka; siku ikiachia, ardhi inatikisika. Wimbi la kwanza linakimbia lakini ni dhaifu. La pili linachelewa, na hilo ndilo linaloangusha kuta. Mama akasema kumbe la kwanza linapiga hodi tu. Tukaondoa ndoo za maji chini ya meza kubwa ili tuwe na pa kujificha, Mama akilalamika kwamba meza sasa ina heshima kuliko yeye.

Jumanne, tetemeko lilipokuja, Mama alikuwa bombani. Mama Selina, jirani yetu, ndiye aliyeingia wa kwanza. Alinikuta chini ya meza nimeshika shati la Zadok, yeye yuko nje ya meza, matofali yamemlalia mguu. Akatangaza mtaa mzima kwamba nilikuwa namvuta aingie. Tangu hapo kila mkono unaonishika kichwani unanitia kinyaa. Leo kanisani nimesimamishwa nitoe ushuhuda, nikasema asante, nikakaa. Wakapiga makofi, wakasema unyenyekevu huo.

Nyumbani amechinjwa kuku, na Baba akanipa firigisi, ambayo hata Mama hajawahi kuionja. Niliitafuna weee, haishuki, nikaitema kiganjani na kuitupia paka. Hapo ndipo Zadok, wali mdomoni, aliposema kwamba mamdogo alimpiga teke. Baba akamwambia aache uongo, aliyempiga teke ni tetemeko. Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, Dada. Nikatoka, nikakaa nyuma ya choo mpaka vicheko vilipoisha.

Niliporudi, Mama alikuwa anausoma kwa sauti ujumbe wako, kwamba Zadok atabaki nami mpaka aanze shule, maana sasa umeona yuko mikononi mwa nani. Akaniagiza nikuandikie barua nzuri ya shukrani, Obedi, anayekuja huko Musoma, apande nayo basi kesho.

Zadok hakudanganya. Mifuniko ya sufuria ilipoanza kugongana nilijua ni wimbi la kwanza. Nikaingia chini ya meza, nikaanza kuhesabu kama tulivyofundishwa. Zadok akaja kwa magoti anataka kuingia. Nafasi ilikuwepo, ndoo tulishaziondoa. Niliona tu atanibana, nikamsukuma kifuani kwa mguu. Nilikuwa kwenye tatu. Nilipofika tisa ukuta ukaja. Shati nililishika baada ya matofali, si kabla. Mtu mwingine angesema alichanganyikiwa, hakujua kinachokuja. Mimi nilijua, na bado nilikuwa na muda wa kumvuta.

Ukija Jumamosi, sikuombi unisamehe. Naomba umuulize Zadok mbele ya Baba, mtoto asikie mtu mzima akimwambia hakusema uongo. Halafu uamue mwenyewe atakaa na nani.

Wasalimie wenzako wa kazini. Mama na Baba wanakusalimu, wakiwa hawajui ninayoyaandika.

Nasikia kandambili za Mama zinakuja mlangoni, anaifuata barua. Mara tatu nimeifunika kwa daftari la Jiografia alipopita. Sasa daftari nimeliweka chini, karatasi iko wazi juu ya meza ileile. Anajua kusoma.

Mdogo wako,
Favour