Msumari Nje ya Karatasi

Likasi, 14 Julai 1988

Baba yangu mpenzi Casimir,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi mzima, ila mafua ya vumbi la msimu huu hayajaniacha. Goti lako linaendeleaje huko Kongolo? Nyumba imepoa tangu uondoke. Jioni bado nasonga bukari ya watu wawili, kisha najicheka.

Ile kompyuta ya ofisi ya michoro imenitoa jasho. Mkuu wetu, Bwana Floribert, alitaka ichore kiwanda jinsi jicho linavyokiona kutoka langoni. Nikaingiza vipimo vyote, kwa majivuno yangu unayoyajua. Mashine ikachora kuta zikienda sambamba hadi mwisho. Mafundi walipokuja kutazama, Papa Ambroise wa tanuri akauliza mbona shiminé, dohani ile ya nyuma, iko mukubwa sawa ya mbele. Iyi haiko usine yetu, akasema, kana kwamba nimechora kiwanda cha wengine, wakacheka wote.

Nilihangaika wiki nzima. Siku moja umeme ulikatika, nikachukua karatasi, penseli na kamba. Mistari ya paa ikakataa kukutana ndani ya karatasi. Ndipo nilipokukumbuka enzi zako za kuchora katika ofisi hii hii, ukigonga msumari ukutani, mbali na meza, ukifunga kamba na kuniambia kwamba mahali mistari inapokutana si lazima pawe ndani ya mchoro. Nililia, Baba. Umeme uliporudi niliipa mashine msumari wako: namba mbili tu, za mahali palipo nje kabisa ya kioo, na hesabu ya kuvuta kila kona kuelekea huko. Paa likainama, dohani za nyuma zikapungua. Papa Ambroise akaonyesha kwa kidole dirisha la tanuri lake.

Bwana Floribert alisifu akili yangu, nami nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakoniandikisha barua hii. Ulipostaafishwa kabla ya wakati, ulidhani ni yeye aliyekuonea. Sivyo. Aliniuliza kama kamba yako bado inafaa kazini, nami, kwa kukitamani kiti cha mbele ya mashine, nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya zamani. Nilikusindikiza stesheni nikijua. Nikakubebea na sanduku.

Jana niliwaambia wote kamba ile ni ya nani. Na mafundi walipopaka ukuta wa ofisi rangi, niliwazuia wasiung'oe msumari wako.

Nisalimie baba mdogo Constantin na wote wa kwake. Nina hamu nawe mno, Baba. Kama ni kunikasirikia, njoo unikasirikie hapa. Bukari ipo.

Binti yako,
Marceline