Namba Nilizompa Mama Zainabu

Kalemie, Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri na ziwa limechafuka. Mimi pia nimechafuka, lakini mimi nimejitakia.

Nina haya kuandika hili. Naliandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hakuna anayeijua sura yangu.

Ninasomea uuguzi, mwaka wa pili. Tangu vita viwazuie walimu wetu kuja kutoka kaskazini, chuo chetu kiko ndani ya simu. Profesa anatuma sauti kwenye grupu, nasi tunajibu "Bien reçu, Prof", yaani tumepokea vizuri, watu arobaini, mmoja baada ya mwingine. Katika somo la kupima tansio, shinikizo la damu, alisema: ukisikia mapigo ya kwanza, hiyo ndiyo namba ya juu, yakinyamaza, hiyo ndiyo ya chini. Niliirudia sauti ile mara sita. Sikuelewa. Niliandika "Bien reçu, Prof."

Kazi ilikuwa kumpima mtu mmoja kila asubuhi kwa wiki mbili, kujaza fishi, ile karatasi ya vipimo, na kutuma picha yake. Nikamchagua Mama Zainabu, mjane jirani yetu, ambaye anameza vidonge vya tansio tangu mumewe afariki. Mashine niliazima kwa shangazi.

Siku ya kwanza nilimfunga mkono, nikavaa masikioni vile vya kusikilizia mapigo, nikasikiliza. Sikusikia kitu. Nikajaza upepo tena. Kimya. Mama Zainabu ananitazama usoni, anatabasamu, anangoja. Na mimi, badala ya kusema sijui, nikasema namba ya mtu mwenye afya iliyo kwenye kitabu: kumi na mbili kwa nane, yaani mia na ishirini kwa themanini.

Alifurahi, akaniombea dua.

Kesho yake nikampa kumi na tatu kwa nane, ili ifanane na kweli. Uongo nao una ufundi wake. Baada ya siku chache hata kusikiliza niliacha. Nilikuwa natazama mshale ukishuka huku nikichagua. Tulipotuma fishi, Profesa akaiweka yangu kwenye grupu kuwa mfano. Wenzangu wakanipongeza. Nikajifungia chooni nikalia.

Tangu hapo simu ikitetemeka, moyo unanienda mbio. Ningemwambia nani? Kanisani kwetu wamelala watu waliokimbia vita Nyunzu na watoto mgongoni, hawana hata sufuria. Niende kuwaambia kwamba naogopa simu? Basi nikaona aibu ya kuumwa, juu ya aibu ya kudanganya.

Alhamisi iliyopita Mama Zainabu aliniambia kwamba ameacha vidonge. Vya nini tena, na tansio iko sawa? Alisema kwa furaha, kama mtu aliyepewa zawadi na mtoto wake. Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wangu na maneno yalikuwa machache.

Nilinyamaza.

Jumapili alianguka mlangoni pake na ndoo ya maji mkononi. Kwenye kituo cha afya walimkuta na ishirini na mbili kwa kumi na mbili. Muuguzi akamuuliza nani alimwambia aache dawa. Akajibu kwamba aliacha mwenyewe. Hakunitaja. Wamemrudisha kwenye dawa, na jana alirudi nyumbani. Anatembea, namshukuru Mungu, ingawa sina uso wa kumshukuru.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilificha maradhi ya mwenzangu, na kilio kingekuwa cha watoto wake.

Leo mvua ilipopungua nikaenda. Nilikuwa nimepanga maneno: mtandao, vita, walimu wasiofika. Yote yalinikimbia. Nilipiga magoti kando ya mkeka wake nikasema namba zote zilikuwa za uongo, sijui kupima, sijawahi kusikia kitu. Nikangoja anifukuze.

Hakupaza sauti. Aliinuka akakaa, akajifunga vizuri kitambaa chake cha kichwani.

"Furaha, wiki mbili zote kichwa kilikuwa kinaniuma," alisema, akiniita kwa jina. "Sikusema. Nilikuwa najiambia, mashine ya mutoto inasema niko muzima, basi ni mimi ndio mwenye kudanganya."

Nimerudi nyumbani. Nimemwandikia Profesa kwamba fishi yangu ni ya uongo na kwamba nahitaji kufundishwa tangu mwanzo, mbele ya mtu anayejua. Ujumbe umeshaenda. Wanaweza kunifutia mwaka, wanaweza kunifukuza kabisa.

Si hilo linaloniliza.