Wiki Daraja Lilipofungwa

Jumatatu, 10 Novemba
Nimekamua. Maziwa kidogo, ng'ombe anakula majani yaliyojaa maji tu. Neema, andika hivi hivi ninavyosema, usinyooshe. Mjukuu wangu huyu anayeniandikia yuko nyumbani, shule imefungwa, choo chao kimedidimia. Ibada ya jumuiya nayo haipo. Mvua gani hii. Redioni wanaiita Elinino. Mama yake, Penina wangu, ameshuka alfajiri kuuza ndizi soko la Kwa Mrombo. Nilimwambia kaa. "Mama, ndizi zinaiva, nikae nizitazame?" Kichwa kigumu, cha baba yake. Marehemu aliambiwa asijenge mteremkoni, akajenga. Jioni hii Penina hajarudi.

Jumanne, 11 Novemba
Daraja la njia ya sokoni limefungwa. Upande mmoja umekwenda na maji. Polisi wanarudisha watu. Na soko la Kwa Mrombo limefungwa, maji yamefika kwenye meza. Sasa mwanangu amelala wapi? Zamani tulikuwa na kahawa, lori la ushirika linaifuata huku huku juu, nani avuke mto na mkungu kichwani? Wakaja wanunuzi binafsi, leo bei hii, kesho ile, tukang'oa, tukapanda migomba mitupu. Nilikuwa nasema nini? Penina. Naogopa.

Jumatano, 12 Novemba
Mchana kengele ya kanisa imelia. Si saa ya ibada. Huku kwetu kengele ya hivyo ni msiba. Nikasimama na ungo mkononi, nani tena? Mara nawaona wanawake wanapandisha njia ya kwangu, khanga mabegani, kuni kichwani. Kuni. Kwangu. Nikakaa kwenye matope. Mama Eliakimu, jirani, akanikumbatia. "Pole dada, pole." Nikapiga yowe. Neema naye. Tukalia kweli kweli, moto wa msiba ukawashwa. Ndipo mzee wa kanisa akaja mbio, amelowa chapachapa. "Mnamlilia nani nyie? Nimepiga kengele watu wasivuke mto!"
Walisikia kengele, wanajua Penina hajarudi, wakajumlisha wenyewe. Aibu ikawashika. Mama Eliakimu akasema, "Basi kuni tuziache, zikaukie hapa." Nikamtazama. Zikauke zingoje nini?
Neema usilie, karatasi inalowa.

Alhamisi, 13 Novemba
Bado. Neema, kula na changu.

Ijumaa, 14 Novemba
Amekuja. Jua linazama, namwona getini, kiatu kimoja. Amezunguka mjini kote, akapandia njia ya juu, kwa miguu. Wanawake wa sokoni walilala darasani, shule ya Sokon One, wamebanana kama kuku. Ndizi zote zimekwenda na maji. Nilitaka kumgombeza, nikamshika tu masikio kama mtoto. Akala. Halafu anasema Jumatatu atashuka, iko mikungu mingine inaiva.
Sasa amelala. Mvua imeanza tena, polepole. Neema, hili la mwisho, kisha kalale na mama yako. Kigoda changu nimekihamishia mlangoni. Akitaka kutoka, atanikuta.