Ukuta Wenye Joto

Baba Nasra,

Basi la wafanyakazi wa hoteli limeshapiga honi, naondoka. Uji wa mtoto umo kwenye themosi. Ukiamka, jaza maji kwenye boila lako la pipa kwanza, ndipo uongeze kuni. Chukua za mgunga. Zile mbao za rangi ulizookota Industrial Area usichome, moshi wake utamrudishia Nasra kikohozi.

~~Mpigie Mama kule Tanga, mwambie Nasra anakwenda kwake Ijumaa, baridi ya nyumba hii imetushinda.~~

Ngoja. Nimeingia sasa hivi kumuaga Nasra, sikumkuta kitandani. Alikuwa amejibanza ukutani, pale bomba lako linapopita, kalala fofofo, kifua hakikoromi hata kidogo. Nikaweka na mimi kiganja. Subhanallah! Kwenye masomo yangu ya jioni walitufundisha kwamba maji ya moto hupanda yenyewe bila pampu, nikaandika nifaulu mtihani tu. Kumbe kweli, yamezunguka nyumba kongwe yote hii tukiwa tumelala!

Nisamehe. Juzi ulipochomelea lile pipa na mabomba nilikucheka, "Unapika gongo Wakra hii, ugenini pombe ilikokatazwa? Watatufunga!"

Mama usimpigie. Mtoto haendi popote, mpika gongo wangu.

Mama Nasra