Bendi ya Cork Inayoitwa Kiwalani

Mpendwa mwanangu Tumaini,

Mie baba yako ni mzima, magoti tu ndiyo yanagoma kila nikipanda ngazi za kanisani. Mama yako naye mzima, anakusalimu, ingawa najua mliongea juzi mkamaliza yote. Barua hii naiandika wazi, na nakala yake nimempa katibu wa kwaya aibandike kwenye ubao wa matangazo. Usishtuke. Nilikukosea mbele za watu, siwezi kukuomba radhi kwa kunong'ona.

Miaka minne sasa tangu uende Ayalandi, maongezi yetu mie na wewe ni maneno mawili. Mama yako ananipa simu, unasema "Shikamoo baba," nasema "Marahaba," halafu tunasikilizana tunavyopumua mpaka mmoja aseme mtandao mbovu. Mtandao haujawahi kuwa mbovu. Nimechoka, mwanangu. Nataka tuongee.

Aliyenichokoza ni Sekela. Unamkumbuka, mlikuwa mnasimama naye bega kwa bega kwenye sauti ya pili. Siku hizi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, na ndiye katibu wetu wa kwaya. Alikuja nyumbani Jumapili baada ya ibada, akafungua simu, akanionyesha ukurasa mmoja unaoeleza bendi chipukizi za Ayalandi. Si zile za redioni. Hizi ni za vijana wanaopiga roki kwenye vyumba vya nyuma vya baa na kubeba spika zao wenyewe. Katikati ya orodha kulikuwa na bendi ya mji wako wa Cork inayoitwa Kiwalani. Nikamwambia, "Sekela, hao wazungu wamekosea ramani." Nani mwenye akili zake ataita bendi Kiwalani, mtaa wetu huu, ambako mvua ikinyesha nusu saa tunabeba viatu mkononi? Akasogeza picha kwa kidole. Nikakuona. Umenyoa kipara, gitaa la besi linakufika magotini, na mdomo umeuachia mpaka nikaliona jino lako la nyuma, lile tulilokupeleka kuzibwa ukanipiga teke mie huku daktari anacheka. Nilijua unahudumia wazee huko Cork. Habari ya bendi sikuambiwa.

Unanijua mie, sikuanza na wimbo wako. Nilichukua daftari nikawasikiliza wote mmoja mmoja na kuwapa maksi, kama navyofanya kwenye mashindano ya kwaya. Kuna binti mmoja haimbi kabisa, anaongea tu juu ya gitaa kama anagombana na mwenye nyumba kwenye simu. Nikampa nne. Kuna kaka wawili wanaopiga nota moja dakika sita nzima, nikawapa mbili, na hizo mbili ni za huruma. Kuna kundi linaloimba kwa Kiayalandi, lugha ya mababu zao, na fidla yao inakwaruza mpaka nikashika taya. Hao niliwapa saba, sijui kwa nini. Ilinichukua siku tatu kugundua kwamba vijana hao hawakosei. Wanafanya makusudi. Sauti wanaiacha na mchanga wake kama mchicha uliotoka shambani, na anayesikiliza atajiju. Basi nikarudi mwanzo, nikafuta maksi zote kwa kifutio, nikasikiliza upya.

Ndipo nikafungua wa kwako. Loh! Gitaa liliponguruma nilivua spika za masikioni nikidhani simu imeharibika. Kisha ukaingia wewe. Nilikujua kabla hujamaliza neno la kwanza.

Tumaini, unakumbuka nikinyoa ndevu uani siku za Jumamosi, wewe unanishikia kioo? Ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa naimba "do," wewe unajibu "so," na ukikosea nilikuwa natikisa kichwa, na wewe unatikisa kioo kwa hasira mpaka najikata. Ulijua nota kabla ya kujua kusoma. Mama yako alikuwaga anatoka jikoni na mwiko mkononi, anasema, "Nyie wawili mtaniunguzia maharage." Nilijisifu kwako kila mahali. Ofisini nilikuwa karani wa kawaida tu, lakini nilikuwa karani mwenye mtoto anayesoma nota.

Halafu ukafika miaka kumi na minne na sauti yako ikashuka chini, ikawa nzito, ikaota makwaruzo. Nilingoja itulie, wapi. Wiki ile ya mashindano tulikuwa na kwaya nzima ukumbini, mmeshavaa sare mpya za bluu kuzijaribu, nami nikasimamisha wimbo mara tatu kwa ajili yako. Mara ya nne nikasema, na maneno yangu nayakumbuka yote: "Wewe Tumaini fungua mdomo tu, usitoe kitu. Kuna trekta humo ndani." Wakacheka. Nami nilicheka, nikafurahi kwamba mzaha wangu umewaingia. Wewe uliangalia viatu. Na mashindano yenyewe tukawa wa tatu.

Ningekufa na siri hii, lakini leo naitoa: nilijua. Miaka sita uliyokaa kwenye kwaya yangu ukifungua mdomo bila kutoa kitu, nilijua unaimba wapi. Unakumbuka tulivyokuwa na utaratibu wetu, ndege ikipita juu ya ukumbi kwenda kutua, nainua mkono, wote mnanyamaza mpaka ipite? Wewe hukunyamaza. Mlio ukishajaa mpaka mabati yanatetemeka, nilikuwa naona mishipa ya shingo yako imesimama, kifua kinapanda na kushuka. Ulikuwa unaimba kwa nguvu zako zote humo ndani ya kelele. Ndege ikiondoka, unafunga mdomo. Nilikuona kila mara na sikusema neno. Nilijiambia ni utoto, utaisha.

Sasa sikiliza nilichofanya. Wimbo wako niliuandika wote kwa nota, nikaupanga sauti nne. Nia yangu ilikuwa kwaya iuimbe, turekodi, nikutumie, uone baba yako amekubali. Maneno sikuyapata, maana lafudhi umeshaichukua ya huko na gitaa linameza nusu. Nikamwomba Sekela anitafutie. Akaja mazoezini na karatasi moja tu badala ya nakala za wote, akasimama mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "tuimbe la-la-la tu. Inatosha."

"Kwaya yangu haiimbi la-la-la kama watoto wa chekechea. Soma, halafu tafsiri."

"Mwalimu, nakuomba."

"Sekela, soma!"

Akasoma kwa Kiswahili. Baba alinivisha bluu. Akaniambia fungua mdomo, usitoe kitu. Nasubiri ndege. Watu wote wakicheka, mie nasubiri ndege. Njoo, ndege, pita chini kabisa, nina mengi ya kusema.

Nusu ya waliokuwamo walikuwamo siku ile, na walicheka siku ile. Sekela akakunja karatasi, akasema taratibu, "Nilikuwa nasimama karibu naye, mwalimu. Ndege zilipopita nilikuwa nasikia. Alikuwa anaimba vizuri."

Sitakudanganya, kwanza nilikasirika. Niliwaaga kwa mkono, nikatembea mpaka nyumbani nikibwata peke yangu. Kuniimba mie! Kunianika kwa wazungu waliokunywa bia! Mama yako alikuwa anachambua mchele barazani. Nikamwambia yote, nikitegemea ashike kichwa. Hata hakuinua macho.

"Wimbo ule mie naujua," akasema. "Alinitafsiria mwenyewe. Akasema nisikwambie, usikie kwa masikio yako."

"Na wewe ukakubali?"

"Baba Tumaini, wewe mtu akikosea nusu nota unamsikia ukiwa nje ya geti. Mtoto wako alinyamaza miaka sita ndani ya nyumba hii hii. Hiyo hukuisikia?"

Nikaenda kukaa chumbani. Mwanangu, nililia. Nililia mpaka mama yako akaacha mchele wake akaja akakaa kitandani, na hakunibembeleza, alikaa tu.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya kwaya nikasema nilichopaswa kusema. Nilisema nilimwaibisha mwanangu kwa sababu nilitaka kombe. Nilisema pia kwamba sikio langu halikukosea, na hapa usinikasirikie, maana nikianza kukuongopea leo barua hii haina maana. Sauti yako haikuchanganyika na zao. Hata sasa haichanganyiki na ya mtu yeyote. Lakini mie nilikuwa baba kabla sijawa mwalimu wa kwaya, na mtoto hakuzaliwa ili achanganyike. Nilichanganya kazi mbili, nikaifanya ile ndogo. Mzee mmoja wa besi akainuka, akasema naye alicheka siku ile, na yeye anaomba radhi. Wakainuka na wengine.

Wimbo tuliuimba, tukaurekodi. Ulitoka mzuri, umenyooka, sauti zote nne zimekaa mahali pake. Niliusikiliza mara mbili nikaufuta. Nilikuwa nimekupiga pasi tena.

Nakuonea fahari, Tumaini. Nilipaswa kuliandika hili juu kabisa, lakini nimezoea kuanza na makosa. Nakuonea fahari wewe, na yule binti wa dramu, na yule mrefu wa gitaa anayepiga macho kafumba. Wape salamu zangu. Mwambie binti wa dramu kwamba anakimbia kidogo kwenye kiitikio, halafu mwambie asinisikilize.

Nina ombi moja. Huna deni la kunisamehe, na sitaki useme "nimekusamehe" kwa sababu ni adabu. Siku mkifanya mazoezi, nipigie. Weka simu sakafuni, karibu na spika, na upige wimbo wako wote, halafu mwingine, halafu na ule ambao bado haujakaa sawa. Hata shikamoo usinipe. Sitasahihisha kitu, sitatoa maksi, na daftari nitakuwa nimempa mama yako alikalie. Mkimaliza, kata simu tu kama hujisikii kuongea, nitaelewa.

Ila kama utajisikia kuongea, mie nitakuwa bado nimeshika simu.

Ni mimi,
baba yako, ambaye safari hii anasikiliza.