Wimbo wa Mvua Iliyochelewa

Kemlayan, Surakarta
Mwishoni mwa Agosti, 1989

Mas Sarwanto, kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi za heshima zikufikie huko Balikpapan, wewe, wifi yangu Yuli na watoto. Natumai ile homa iliyokulaza wakati wa mvua imekwisha kabisa na kwamba umerudi bandarini na nguvu zako. Sisi huku miili haijambo, Mungu ashukuriwe. Mume wangu Yatno bado anauza batiki pale soko la Klewer. Mgongo unamsumbua, mdomo uko salama. Niken ametimiza miaka saba. Bagas ana mitano na meno ya mbele hana, na bado anataka kila siku apewe njugu za kukaanga.

Barua yako niliipata tangu Mei, na najua umekuwa ukimsubiri tarishi mpaka umemchoka. Uliniuliza mambo mawili: hali ya Bapak, baba yetu, na watoto wangu wamefika wapi katika muziki wa nyumba yetu. Nimekawia kujibu kwa sababu maswali yako mawili yamegeuka kuwa swali moja. Ungependa nikupigie simu kutoka posta, lakini pale watu hupanga foleni nyuma yako na mimi ningelia mbele yao.

Wewe ndiye uliyeandika mwaka jana kwamba tuwaanzishe watoto nyumbani wangali wadogo, masikio yao yangali laini, kama Babu alivyomfanyia Bapak. Nilimsomea Bapak maneno hayo. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mwambie Sarwanto barua hiyo angejiandikia mwenyewe miaka thelathini iliyopita." Usichukie, Mas. Alisema kwa furaha, na jioni ileile akaniamuru niifue mikeka ya chumba cha mbele.

Hakuwaketisha kwenye vyombo kwanza. Alianza kisimani. Alikuwa akiwaogesha huku anaimba, na mahali upatu unapolia ndipo alipowamwagia kata ya maji kichwani. Baada ya muda mfupi watoto walikuwa wanafumba macho wenyewe kabla maji hayajamwagwa. Walishajua upatu unakuja. Nilisimama na nguo zao mkononi nikastaajabu, maana sisi hakutufundisha hivyo. Sisi tulipigwa vidole.

Siku ya kwanza ya kuingia chumba cha vyombo, Bagas aliruka juu ya ngoma. Unajua Bapak alivyo kwa mtu anayeruka chombo. Nilijibanza mlangoni nikisubiri ngurumo. Lakini alimshika tu mkono akamwambia aiombe ngoma radhi. Bagas akamuuliza kama ngoma ina masikio. "Inayo mawili," Bapak akasema, "moja kila upande, na yote umeyarukia." Mtoto akapiga magoti, akainamia upande huu akaomba radhi, akazunguka akaomba na upande wa pili.

Kisha akawafundisha majina ya sauti. Moja, mbili, tatu, tano, sita. Bagas, ambaye ndiyo kwanza amejifunza kuhesabu, akakunja uso akamuuliza babu yake. "Mbah, nne imekwenda wapi?" Bapak akamjibu bila kusita, "Nne imekwenda Balikpapan kutafuta kazi." Yatno alicheka siku nzima, na mpaka leo ukitajwa jina mezani, Bagas hukuita Pakde Nne, mjomba Nne. Nami nilicheka. Ilikuwa nyumba ya kucheka wakati ule, Mas, nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Niken ndiye aliyeshika. Sijui ametoa wapi, labda kwa mama yetu. Ukimwambia kitu mara moja kimeingia. Alikaa kwenye marimba ya shaba, nyundo ni kubwa kuliko kiganja chake, na mkono wa kushoto ukawa unazima kila sauti kwa wakati wake bila kufundishwa mara mbili. Bapak alikuwa akimtazama kama mtu aliyeona nyumba yake ya zamani kwa mbali. Jioni moja alinifuata jikoni akaniambia kwamba amechoka kukusubiri wewe, mtoto wake wa kwanza wa kiume, na kwamba atampa Niken *Udan Kasep*.

Najua umesimama kusoma hapo. Wimbo wa mvua iliyochelewa, ambao Babu aliutunga akampa Bapak peke yake, nao ulikuwa uwe wako. Haujaandikwa popote, haukuwahi kwenda redioni. Mimi niliusikia utoto wangu wote lakini nikiwa jikoni na Mama, katikati ya mvuke wa wali. Najua unavyoanza, najua unavyonifanya nijisikie, na zaidi ya hapo sijui. Kwa hiyo Bapak aliposema atamfundisha mwanangu, niligeuka nikajifanya nakuna nazi.

Walijifunza kuanzia mwezi wa mfungo mpaka ukame ulipoanza. Kila alasiri, Bapak na zeze lake, Niken kwenye marimba, Bagas kwenye upatu akisubiri zamu yake ameuma ulimi.

Sasa nikuambie hali ya Bapak. Mwanzoni yalikuwa mambo ya uzee. Kutia chumvi kwenye kahawa. Kutafuta kandambili alizozivaa. Kisha akaanza kuniita kwa jina la Mama, na siku moja alitoka kwenda sokoni akaletwa na mwendesha baiskeli ya abiria aliyemkuta amesimama mbele ya nyumba tuliyoihama wewe ukiwa mdogo. Daktari alisema maneno mengi ambayo maana yake ni kwamba hakuna dawa. Lakini mtu huyo ambaye hakujua amekula au hajala, akishika zeze mgongo ulinyooka. Mkono haukutetemeka. Yatno nami tuliambiana kwamba ugonjwa unaweza kuingia vyumba vyote vya mzee huyu, lakini chumba cha muziki amekifunga kwa ndani. Tukalala kwa amani.

Bu Sumirah alikuja baada ya Lebaran, Idi ya mfungo, kutuamkia. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akiimba na Bapak, mrefu, mwenye kicheko cha kiume. Amezeeka sana lakini sauti ipo. Ni yeye tu aliyewahi kuimba *Udan Kasep*, mara chache, Babu akiwa hai. Nilimwekea chai na vitumbua vya serabi, watoto wakakaa mahali pao, Bapak akaanza. Bu Sumirah alifumba macho, akavuta pumzi aingie. Hakuingia. Akavuta tena. Nikaona kidevu chake kinatafuta, kama mtu anayetafuta ngazi gizani kwa mguu. Wimbo ukaisha hajaingia. Alipiga makofi, akawapa watoto peremende.

Jikoni alinishika mkono kwa nguvu. "Nduk," aliniambia, kwa namna alivyoniita nikiwa binti, "ule si *Udan Kasep*. Mwanzo ndiyo. Ukishapita ule mzunguko wa kwanza ni nyimbo tatu zimeshonwa pamoja, na moja ni ya kuwasindikizia maharusi." Nikamwomba basi anionyeshe wenyewe ulivyo. Akajaribu, mama wa watu, kati ya masufuria yangu. Akaniambia kwamba wimbo wenyewe ulikuwa kwenye zeze, yeye alikuwa akipita juu yake tu, na kwamba anachokumbuka vizuri ni mahali alipokuwa akivuta pumzi.

Siku zilizofuata nilikaa chumbani nikasikiliza, nisiingie jikoni. Ni kweli. Bapak alikuwa akipita mahali pale kila siku kwa njia nyingine. Aliyekuwa hapotei ni Niken. Nilimuuliza polepole, nikimsuka nywele, kama ameona Mbah anabadilisha. Akasema, "Nimeona zamani, Bu." Akasema Mbah alipokuwa akibadilisha alikuwa anaogopa, jasho linamtoka juu ya mdomo, kwa hiyo yeye alichagua njia moja, ile ambayo Mbah aliitabasamia zaidi, akaishika hiyohiyo kila siku ili Mbah amfuate. "Sasa hapotei sana," akaniambia.

Mtoto wa miaka saba, Mas. Sisi tulidhani anaongozwa.

Tungeishia hapo, ningekuandikia barua fupi yenye huzuni ya kawaida. Lakini tulikuwa tumekwisha kuwaalika majirani kwa sadaka ya siku ya kuzaliwa kwa Bapak, na watoto walikuwa wamepangwa wapige. Nilitaka kuahirisha. Yatno akasema, "Nani atajua? Wanaoujua wimbo huo duniani ni wawili. Mmoja amesahau, na mwingine tutamtilia nyama kubwa." Nikaona ana haki. Nikapika wali wa manjano.

Siku hiyo Bapak aliamka mzima. Sijui nikuelezee vipi. Aliamka akaniita kwa jina langu, Winarti, akauliza kwa nini koti lake la milia halijapigwa pasi. Alifunga kilemba mwenyewe. Wageni walipoingia alimtaja kila mmoja na mtoto wake, akamtania Bu Sumirah juu ya mwanamume aliyewahi kumkimbia. Nilitoka nje nikasimama karibu na kisima nikamshukuru Mungu kwa machozi. Nilidhani tumerudishiwa. Laiti angeamka siku hiyo amechanganyikiwa.

Watoto wakapiga. Zeze lilikuwa limelazwa, Bapak aliketi na wageni kama mgeni wa heshima. Niken hakukosea hata sauti moja ya kile alichokishika. Bagas aligonga upatu mahali pake. Katikati nilimwona Bapak anakunja uso, anainamisha sikio. Walipomaliza, kabla ya makofi, akauliza kwa sauti ya wazi, ile aliyowakemea nayo vijana alipokuwa mpigaji wa redioni: "Nani amewafundisha watoto hawa?"

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Akasema si mzaha, wimbo wa baba yake umekatwakatwa, na aliyewafundisha aone haya, kuwaharibu watoto wenye masikio mazuri namna hii. Bagas, na lile pengo lake la meno, akasema, "Wewe, Mbah."

Bapak akamwambia asiseme uongo. Niken akaanza kulia bila sauti, ameikumbatia nyundo. Bapak akatazama uso wa mtoto yule, kisha wangu, na mimi, Mas, sikuweza kuuficha uso wangu. Akaagiza zeze. Akasema basi sikilizeni, ndivyo ulivyo.

Akaanza. Na mwanzo ule ulitoka kama Babu amekaa chumbani. Bu Sumirah aliitikia kwa kichwa, akaingia, sauti yake ikapanda, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nikausikia wimbo ule nikiwa nje ya jikoni. Wakafika mahali pale. Upinde ukasimama. Akarudi nyuma, akaja tena, ukasimama. Akarudi tena. Safari ya mwisho aliingia katika ule wimbo wa maharusi, akausikia mwenyewe masikioni mwake, na nikamwona anajua. Alijua yote, pale, mbele ya watu, siku pekee ambayo akili yake ilikuwa nzima kiasi cha kujua.

"Basi ni mimi," alisema.

Akaweka upinde chini. Akamgeukia Niken, akakunja mikono, akamwomba radhi kwa lugha ya juu kabisa, ile ambayo sisi tulimsemesha yeye na yeye alimsemesha Babu. Mzee wa miaka sabini na minane, kwa mtoto. Wageni wakainamisha vichwa. Wali wangu wa manjano waliubeba majumbani kwao, karibu wote.

Hilo ndilo sikuweza kuliandika tangu Juni. Na kuna lililobaki.

Kesho yake asubuhi Bapak alikuwa amesahau. Si wimbo tu, amesahau siku yenyewe, kilio na radhi aliyoomba. Alasiri akakaa mkekani akaita, "Niken, njoo, nikupe wimbo wa baba yangu." Na ameita hivyo kila alasiri mpaka leo ninapokuandikia. Yeye amepona aibu ile, mtoto hajapona. Niken akisikia anaitwa huenda kukaa nyuma ya nyumba, amejiziba masikio. Nimembembeleza, baba yake amemwahidi viatu. Anasema akipiga, Mbah atajua tena. Bagas huenda, kwa sababu ni mdogo, anakaa kwenye upatu na kuusubiri wimbo ambao hauji, kisha anaugonga anapochoka. Bapak humsifu.

Umeandika kwamba unaomba likizo mwezi wa Desemba, uje na kinasa sauti uuchukue wimbo kabla haujapotea. Kaka yangu, kiache hicho kinasa. Nimekaa na Bu Sumirah mara nyingi, tumepata mwanzo na mahali pa kuvuta pumzi, na hapo ndipo mwisho wetu. Hakuna cha kunasa. Kama unakuja, mjie Bapak, na uje ukijua kwamba huenda akakukaribisha kama mteja aliyekuja kukodi wapigaji. Mpe mkono, keti naye, kula anachokupa.

Yatno anakusalimu sana. Bu Sumirah anasema amekusamehe ile baiskeli yake uliyoivunja utotoni. Bagas anakusalimu na anauliza kama umeshapata kazi. Niken hajatuma salamu, amelala. Mbusu wifi na watoto kwa niaba yangu, na ujitunze na hiyo homa.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,

Winarti